Kwenda na Kurudi: Maneno ya Kumkaribisha Katibu Mkuu Wetu Mpya

Mwenyekiti wa Bodi. Mababa askofu, wachungaji na masista. Wawakilishi wa makanisa wanachama. Wageni wetu wa dini nyingine ambao tumesimama nanyi bega kwa bega miaka mingi. Wafanyakazi wenzangu wa sekretarieti. Na wewe, dada yetu, Katibu Mkuu wetu mpya. Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wafanyakazi kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wao. Nimefanya kazi chini ya makatibu wakuu wanne, na mzee wetu anayeng'atuka leo ndiye wa nne. Kila alipoingia mpya tulimwimbia, tukammwagia sifa, tukampa zawadi. Leo sitakusifu sana, dada yetu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nawe mnazi wenyewe bado hujaukwea. Waliokuchagua wamekupima na wameridhika, nasi tumeridhika pamoja nao. Ninachotaka kukupa ni kitu ambacho hakimo katika mkataba uliosaini: namna kazi hii inavyoonekana ukiitazama kutoka upande wa wale tunaosema tunawatetea. Mimi nilijifunza kwa kukosea, na kosa lenyewe nitalieleza.

Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini. Nilitumwa kwenye kijiji ambacho watu wake walikuwa wameondolewa katika ardhi yao kupisha mgodi. Sitakitaja kijiji wala mgodi, maana baadhi ya waliozungumza nami bado wako hai na mambo ya aina hiyo hayaishi. Tulikaa ndani ya kanisa lao dogo, jua likiwaka mpaka bati linalia juu yetu. Mjane mmoja alizungumza karibu saa nzima, nami nikaandika. Alipomaliza nilimsomea maneno yake, naye akanisahihisha mara mbili. Nilikuwa nimeandika "walihama", akasema, "Andika tulihamishwa." Nilikuwa nimeandika "shamba lake", akasema, "Si shamba tu. Kuna makaburi matatu pale. Andika na makaburi." Kisha akabonyeza kidole gumba kwenye kidau cha wino wa buluu, akakikandamiza chini ya karatasi, akakipangusa kwenye ukingo wa benchi. Nyuma yake wengine walikuwa wameshapanga foleni.

Karatasi zile zilisafiri mbali. Zilichapwa, zikatafsiriwa, zikaingizwa katika ripoti yenye jalada zuri. Mimi mwenyewe nilisimama Geneva, kwenye kikao cha Umoja wa Mataifa, nikasoma sentensi zake mbili, ile ya kuhamishwa na ile ya makaburi. Watu walinipongeza kwenye korido. Nikarudi ofisini, nikaandika taarifa kwa mfadhili, nikahamishiwa mradi mwingine.

Miaka sita baadaye nilipita eneo lile kwa shughuli nyingine kabisa. Yule mama alinitambua kabla sijamtambua. Hakunilaumu, hata sauti hakupandisha. Aliniuliza, "Mwanangu, uliyachukua maneno yangu. Yalifika wapi?"

Ndugu zangu, jibu lilikuwepo. Mwakilishi wa serikali husika alikuwa amejibu katika kikao kilekile kwamba suala hilo lingechunguzwa. Jibu lenyewe lilikuwa jembamba, lakini lilikuwa jibu la serikali, limeandikwa, lina tarehe, na mtu mwenye haki angeweza kulishika mkononi akaenda nalo kwa mkuu wa wilaya kuuliza uchunguzi umefika wapi. Lilikaa kwenye faili letu miaka sita. Hakuna aliyempelekea. Yeye miaka yote hiyo aliamini maneno yake yalianguka njiani.

Tangu siku ile nimeielewa kazi yetu kwa namna moja: ni kazi ya kwenda na kurudi. Kwenda tunajua sana. Tuna watu hodari wa kuandika, tuna tikiti za ndege, tuna beji za kuingilia Umoja wa Mataifa. Penye udhaifu ni kurudi. Ukiniuliza shirika letu linahitaji nini kwako katika muhula wako wa kwanza, sitakuambia mkakati mpya wala nembo mpya. Nitakuambia: turudishe.

Tunapenda kusema kwamba sisi ni sauti ya wasio na sauti. Nimelisikia neno hilo kwenye mikutano mpaka nimelichoka. Katika miaka yangu yote sijawahi kukutana na mtu asiye na sauti. Nimekutana na watu wenye sauti kubwa, wanaojua tatizo lao mpaka mzizi, ambao mlango umefungwa mbele yao. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kazi yetu ni mlango.

Maandiko yanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Fungueni Hesabu sura ya 27 mtawakuta wanawake watano: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, binti za Selofehadi. Baba yao amefia jangwani bila mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule jina lake na fungu lake la ardhi vinapotea. Hawakutafuta mwanamume wa kuwasemea. Walisimama wenyewe mbele ya Musa, mbele ya kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano wote, mlangoni pa hema ya kukutania, wakaeleza shauri lao na wakadai urithi. Tazameni alichofanya Musa. Hakuwajibu papo hapo kwa busara zake. Hakuwaambia wamwachie yeye, yeye ni mzoefu. Alilipeleka shauri lao mbele za Bwana kama walivyolileta, na Bwana akasema wanawake hao wamenena haki. Sheria ikabadilika. Musa akarudi nayo.

Hapo ndipo mwanzo wa utetezi wa kweli: wenye shauri wanasema, kiongozi anabeba, na jibu linarudi mpaka pale lilipotoka.

Sasa nikuambie kidogo habari za huko tunakokwenda, maana wengi humu mmesikia jina la Geneva lakini hamjaingia. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilianzishwa mwaka 2006 na lina nchi wanachama 47. Hukutana katika ukumbi ambao dari lake limefunikwa na mawimbi ya rangi yanayoning'inia kama mawe ya pangoni, kazi ya msanii Miquel Barceló. Wageni hutazama juu. Wewe utatazama saa. Shirika kama letu kwa kawaida hupewa sekunde 90, na zikiisha kipaza sauti huzimwa hata kama umefika katikati ya neno. Tunapopeleka taarifa kwa ajili ya mapitio ya haki za binadamu ya kila nchi, yale yanayofanyika kila baada ya miaka minne na nusu hivi, shirika moja likiandika peke yake lina kikomo cha maneno 2,815. Uchungu wa kijiji kizima unabanwa humo. Ndiyo maana siwezi kuvumilia tunapotumia sekunde 20 kati ya 90 kushukuru na kujitambulisha. Sekunde zile si zetu. Mtu aliweka dole gumba ili zipatikane.

Na kiti chenyewe hakipatikani kwa urahisi. Ibara ya 71 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa ndiyo inayoruhusu mashirika kushauriana na Baraza la Uchumi na Jamii, lakini maombi hupitia kwanza katika kamati ya nchi 19, na nchi isiyokupenda inaweza kukuuliza swali, ukajibu, ikauliza jingine, na ombi likaahirishwa kikao baada ya kikao. Mtandao wa kimataifa unaotetea Wadaliti, watu wanaobaguliwa kwa misingi ya tabaka, uliomba mwaka 2008 ukakubaliwa mwaka 2022. Miaka 14. Wenzetu wale hawakukata tamaa, nami huwafikiria kila ninapovaa beji yangu shingoni. Ukiivaa ya kwako, kumbuka ina thamani kuliko plastiki yake.

Nirudi kwa binti za Selofehadi, maana hadithi yao haiishii pale tunapopenda iishie. Katika sura ya 36, wazee wa ukoo wao wanarudi kwa Musa. Wanasema: wanawake hawa wakiolewa na kabila jingine, ardhi itatoka kabilani. Sheria inafunguliwa upya na kuwekewa sharti: waolewe ndani ya kabila la baba yao. Sisi tunaoshughulika na sera tunaifahamu sana sura ya 36. Ni ile siku ya pili baada ya ushindi, mabango yameshushwa, waandishi wa habari wameondoka, na watu wenye maslahi wanarudi mezani kimyakimya kurekebisha kile tulichoshangilia.

Historia ya kazi yetu imejaa sura ya 36. Tarehe 22 Mei 1787, wanaume 12 walikutana London kuunda kamati ya kupinga biashara ya watumwa. Tisa kati yao walikuwa Waquaker, au Marafiki kama wanavyojiita wenyewe, watu wa dini waliosukumwa na imani. Miaka miwili baadaye Olaudah Equiano, aliyekuwa mtumwa kabla ya kujinunulia uhuru wake, alichapisha kitabu cha maisha yake, akazunguka Uingereza akisema kwa kinywa chake mwenyewe yaliyompata. Biashara ile ilipigwa marufuku na bunge la Uingereza mwaka 1807, miaka 20 baada ya kile kikao cha watu 12. Utumwa wenyewe katika makoloni yake ulisubiri sheria ya mwaka 1833. Na sheria hiyo ilipokuja, serikali ilitoa pauni milioni 20 za fidia, fidia ya wenye watumwa. Waliotumikishwa hawakupata hata senti, na wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana walewale kwa jina la uanagenzi hadi mwaka 1838. Najiuliza mara nyingi ni nani aliyekwenda kwenye mashamba ya miwa kuwaeleza watu wale kwamba uhuru wameupata na fidia imekwenda kwa aliyewachapa viboko. Kurudi na jibu la namna hiyo kunahitaji moyo. Lakini asiporudi rafiki nalo, litaletwa na adui, tena kwa namna yake.

Mfano wa karibu zaidi ni madeni ya nchi maskini, na humu ndani kuna watu waliokuwepo. Sheria ya jubilei katika Walawi 25, kwamba mwaka wa hamsini mtu arudishiwe milki yake na aliyejiuza awe huru, iliwatoa watu mitaani karne yetu hii ilipokuwa inakaribia kuanza. Tarehe 16 Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono Birmingham wakati viongozi wa G8, kundi la nchi nane zenye uchumi mkubwa, walipokuwa wakikutana. Sahihi milioni 24 zilikusanywa duniani kote, makanisa yakiwa ndiyo uti wa mgongo wa kampeni hiyo. Mwaka 1999 mkutano wa G8 mjini Cologne, Ujerumani, uliongeza msamaha wa madeni, mwaka 2005 ukapanuliwa tena, na hatimaye nchi 37, nyingi zikiwa za Afrika, zikapunguziwa mzigo. Nililia siku ile ya Cologne, sioni aibu kusema.

Kisha tukaondoka. Si sote, wapo waliobaki na nawaheshimu sana, lakini nguvu kubwa ya makanisa ilihamia mambo mengine. Wakopeshaji wakabadilika: badala ya serikali chache za magharibi na Benki ya Dunia, wakaja wanunuzi wa hati fungani na benki za China. Riba zikawa juu kuliko zile za zamani. Zambia, iliyosamehewa sehemu kubwa ya madeni yake mwaka 2005 na 2006, ilishindwa kulipa tena Novemba 2020, na ilichukua miaka kufikia makubaliano na wanaoidai. Papa Fransisko aliporudia wito wa kusamehe madeni kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 2025, vijana wetu ofisini walidhani ni jambo jipya. Tulikuwa hatujawasimulia. Dada yetu, nakuomba dawati la madeni lisifungwe kwa hoja kwamba ushindi ulishapatikana. Najua bajeti imebana, na najua kuna pendekezo mezani kwako la kulifunga. Nalipinga hadharani, mbele ya Bodi, kwa heshima zote.

Kuna jambo moja la kuonya kuhusu sisi wenyewe. Shirika la dini huvutwa sana na kishawishi cha kuwatetea walio wake. Muumini wetu akifungwa, tunalala macho. Akifungwa jirani wa dini nyingine, tunatoa taarifa ya aya tatu, tena baada ya wiki. Wakati Umoja wa Mataifa unaundwa San Francisco mwaka 1945, wawakilishi wa makanisa walikuwepo wakidai haki za binadamu ziingie katika mkataba, na baadaye walisaidia kuipa sura Ibara ya 18 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948. Ibara ile inamlinda kila mtu: mwenye dini, anayeibadili, na asiye nayo. Hao ni wazee wetu. Wakati ule wangeweza kuomba ulinzi wa Wakristo peke yao, na hawakufanya hivyo. Ndugu zetu Waislamu mliopo hapa mnakumbuka mwaka ule mlipokuja kukesha nasi mchungaji wetu alipokuwa kizuizini. Deni lile halijafutwa na halitafutwa, na nataka Katibu Mkuu alijue tangu siku ya kwanza.

Pesa nitazigusa kidogo tu. Wafadhili wetu ni wema, wengi wao ni waumini wanaojinyima. Lakini fomu zao zinauliza tumehudhuria mikutano mingapi na tumetoa machapisho mangapi. Hakuna fomu iliyowahi kuniuliza nimerudi kwa watu wangapi. Liombee fungu la safari za kurudi, dada, na wakikataa, waombe tena.

Na vitabu vya hesabu viwe safi. Mwaka 1981 serikali ya makaburu iliunda Tume ya Eloff kulichunguza Baraza la Makanisa la Afrika Kusini, fedha zake na shughuli zake zote, wakati Desmond Tutu akiwa katibu mkuu wake. Ulipe uzito hilo: waliokuwa na jeshi, polisi na magereza waliona njia ya kumnyamazisha Tutu ni kupekua risiti. Alisimama mbele ya tume hiyo mwaka 1982 akiwa na Biblia, akaeleza kwa nini kanisa haliwezi kukaa kimya mbele ya ubaguzi. Ripoti yao ilitoka mwaka 1984. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, na Baraza liliendelea kuwepo. Mhasibu wetu ameketi pale nyuma karibu na mlango, kama kawaida yake. Wengi humfahamu kwa kuwanyima posho isiyo na risiti. Namshukuru mbele yenu wote. Yeye ni ukuta wa shirika hili.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni sheria njema, lakini si kila mtawala anaifuata. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kanisa Anglikana la Uganda walimwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji na kukamatwa ovyo kwa watu. Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa mbele yao. Tarehe 16 Februari aliuawa, na serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari. Ile ilikuwa barua, ndugu zangu, karatasi yenye sahihi. Sisi hapa tunaandika barua kila wiki, nyingi zikitoka mahali salama, na wanaobaki kule chini na majina yao ndani ya barua hizo ndio wanaolala na wasiwasi. Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, dada yetu, uliza kila mara: huyu aliyetajwa amekubali leo, si mwaka jana alipohojiwa, bali leo? Tumewahi kuchapisha jina la mtu ambaye hali yake ilikuwa imebadilika. Alihama usiku na watoto wake. Mungu alimlinda, lakini sisi hatukumlinda.

Ipo pia subira, nayo nataka niizungumzie kwa sababu kizazi hiki kinahesabu mafanikio kwa robo mwaka. Vita vya Msumbiji vilianza mwaka 1977. Jaime Gonçalves, Askofu Mkuu wa Beira, alikwenda mwenyewe msituni kukutana na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, kabla meza ya mazungumzo haijapatikana. Kisha Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, jumuiya ya waumini Wakatoliki, ikafungua milango yake Roma, na kuanzia Julai 1990 serikali na Renamo walikaa duru baada ya duru, miezi 27, mpaka Rais Joaquim Chissano na Dhlakama wakatia sahihi tarehe 4 Oktoba 1992. Jumuiya ile haikuwa na jeshi wala fedha za kumtishia mtu. Ilikuwa na sala ya jioni na uvumilivu wa kumsikiliza mtu akirudia hoja ileile kwa mara ya kumi. Na Gonçalves alikuwa mpatanishi ambaye kikao kikiisha alirudi nyumbani, kwa waumini wake waliokuwa wakizika watu. Naamini hilo ndilo lililompa uzito mezani. Kila aliyeketi pale alijua askofu huyu atarudi Beira na ataulizwa.

Mzee wetu unayeng'atuka, asante. Uliyapokea maandiko yangu yote yaliyojaa hasira ukayarudisha yakiwa na alama zako za kalamu nyekundu, na hukuwahi kunifuta hasira, ulinifuta tu maneno ya ziada. Ile alfajiri tuliposubiri kwenye ubalozi na mvua ikatunyea, ukakataa kuingia kwenye gari mpaka wale akina mama watano nao wapate pa kujikinga, sijaisahau. Nenda ukapumzike. Simu yako usiizime kabisa.

Dada yetu, nimalizie na Yoshua. Kitabu chake, sura ya 17. Musa amekufa. Kiongozi ni mpya, ardhi inagawiwa, kila mmoja ana haraka. Na nani wanatokea mbele ya Yoshua na kuhani Eleazari? Walewale, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza. Ahadi walikuwa nayo tangu enzi za Musa, sheria iliandikwa, lakini ardhi walikuwa bado hawajakanyaga. Wakamwambia kiongozi mpya kwamba Bwana alimwamuru Musa awape urithi kati ya ndugu zao. Yoshua angeweza kusema jambo hilo ni la uongozi uliopita. Hakusema hivyo. Akawapa.

Wafanyakazi wenzangu tulijadiliana zawadi ya kukupa, tukaafikiana juu ya hili boksi. Naomba mtu anisaidie kulileta mbele, ni zito kidogo. Humu mna barua na kumbukumbu za simu kutoka kwa watu ambao tulibeba maneno yao na bado hatujawapelekea jibu. Tumezipanga kwa tarehe, na kila moja tumeibandikia karatasi ya njano yenye jina la mfanyakazi anayelijua shauri hilo, ili ujue wa kumwita. Baadhi ya majibu yapo tayari kwenye mafaili, kilichokosekana ni mtu wa kuyapeleka. Mengine hayajapatikana kabisa.

Ya juu imeandikwa na binti wa yule mama wa kidole gumba. Mama yake nilimpelekea jibu lake hatimaye, mwaka uliofuata baada ya lile swali. Alinitaka nimsomee mara mbili, akalikunja, akaliweka ndani ya Biblia yake, na mwezi mmoja baadaye alikwenda nalo kwa mkuu wa wilaya. Alifariki kabla uchunguzi haujakamilika. Sasa binti yake anauliza kama yale makaburi matatu yako ndani ya uzio wa mgodi au nje, na kama wataruhusiwa kuyafikia, maana anataka kumzika mama yake upya kando ya watu wake. Barua ina miezi minne. Jibu hatuna bado. Namba yake ya simu iko nyuma ya bahasha, na hupatikana jioni baada ya saa kumi na mbili.

Karibu nyumbani, Katibu Mkuu. Pokea. Baba Askofu, tunaomba utuongoze kwa sala.